Sura ya Saba: Bomba Linalong'ata

Chafya ya Sajini ndiyo iliyoifumua kesi, ingawa mwenyewe mpaka leo huisimulia kana kwamba alikuwa ameipanga.

Walikuwa juu ya kipito chembamba cha chuma, chini kidogo ya paa la kiwanda, yeye na bosi wake, Inspekta ambaye kituo kizima kilimwita Chekeche. Jina lilimkaa yule mama. Ukimpa gunia la maneno atalichekecha mbele yako mpaka abaki na kokoto mbili tatu, kisha akuulize hizo kokoto umezitoa wapi. Mbele yao lilipita bomba nene la kunyonyea vumbi, nalo lilikuwa la kijivu kwa vumbi toka mwanzo hadi mwisho. Sajini, mtu wa kifua kipana na pua isiyostahimili hata poda ya mtoto, alijikaza, akaminya pua, akakodoa macho. Wapi! Chafya ilitoka kwa kishindo, na mkono wake ukalazimika kushika reli asije akaanguka.

Vumbi lote lililokuwa mbele yake liliruka. Pale lilipokuwa limelala, bomba likang'aa kama sufuria iliyotoka dukani.

"Samahani, Afande," alisema akijifuta.

"Usiombe samahani. Sogea mbele kidogo, piga nyingine."

"Nyingine? Afande, chafya haiji kwa amri."

"Basi puliza."

Akapuliza. Vumbi likaruka tena, chuma kikang'aa tena. Inspekta aligeuka, akapuliza boriti ya paa, akapuliza mgongo wa feni kubwa, akapuliza waya za taa. Huko vumbi halikutikisika hata chembe. Lilikuwa limeshikana na mafuta ya mashine kwa miaka, na alipolikwangua kwa kucha lilitoka vipande vipande kama ukoko.

"Hili la kwenye bomba halikutua lenyewe," alisema taratibu. "Limemwagwa. Mtu amelivalisha bomba jipya nguo kuukuu."

Kwa siku kadhaa alikuwa akizunguka ndani ya kiwanda hiki cha kusaga plastiki kuukuu bila kupata pa kushika, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi. Hapa chupa, ndoo na kreti zilizovunjika hupandishwa kwenye mkanda, zikaangukia kwenye mdomo wa mashine ya kusagia. Kusaga plastiki hutoa vumbi jepesi kuliko unga. Kwa hiyo feni hulinyonya, likapita ndani ya bomba mpaka kwenye chumba chenye mifuko mirefu ya kitambaa, ambako hewa huchujwa na vumbi hubaki. Vumbi hilo likitulia halina neno. Likipeperuka ndani ya chumba kilichofungwa, likakutana na cheche moja tu, linawaka lote kwa mpigo. Na ndivyo ilivyokuwa. Moto ulilipuka kwenye chumba cha mifuko, ukarudi mbio ndani ya bomba, ukatokea kwenye mdomo wa mashine alipokuwa amesimama mwendesha mashine, baba wa mapacha wawili. Mikono yake yote miwili iliungua.

Kesho yake mchana, polisi walipopekua, kikaokotwa kiberiti cha gesi chekundu chini ya mashine. Mke wake alipoulizwa kama ni chao, alilia akasema ndiyo, ni chao. Hapo wakubwa wakapiga muhuri: mtu alivuta sigara kazini. Sasa Baba Mapacha alikuwa amelala hospitali, mikono imefungwa bandeji, mguu umefungwa pingu kwenye kitanda, na alasiri hii angesomewa mashtaka palepale kitandani. Akitiwa hatiani ni jela, na kiwanda hakitampa hata ya kununulia dawa.

"Inspekta!" Sauti ya Meneja ilipanda toka chini. "Kibali cha kuwasha ninacho mkononi! Mifuko mipya imeshafungwa! Mnatafuta nini huko, mayai ya popo?"

"Tunakuja, Meneja. Sajini, vua mkanda."

"Afande?"

"Mkanda wa suruali. Fanya haraka."

Sajini alitazama chini kuona nani anamtazama, akavua. Inspekta alikuwa ameziona pete za chuma zinazolishika bomba na kulining'iniza kwenye paa. Zilikuwa kubwa mno. Kati ya pete na bomba mtu alikuwa amesokomeza vipande vya tairi ili lisicheze. Bomba lilikuwa limevaa viatu vya kaka yake. Akauzungusha mkanda kwa ndani ya pete moja, akaweka alama kwa kalamu pale ulipokutana. Kisha akafungua kidirisha cha kuchungulia, akaingiza mkono bombani mpaka kwapani, akautoa. Mkono ulikuwa safi, unanuka mafuta mapya.

Chini ya ngazi walimkuta Meneja, mtu wa viatu vyeupe ndani ya kiwanda cha vumbi, na pembeni yake Fundi Mkuu akiwa na spana. Huyu wote walimwita Mjomba, kwa sababu alikuwa mjomba wa wale mapacha kwelikweli, kaka wa tumbo moja wa mama yao. Ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi hapa. Siku ya moto alimtoa motoni kwa mikono yake mwenyewe, na hospitali alilia kuliko wote. Nani angemtilia shaka mtu wa namna hiyo?

"Mjomba," Inspekta alianza, "bomba lile la juu lina umri gani?"

"Lile? Limekuja na kiwanda."

"Mbona ndani ni jeupe?"

"Tulipitisha brashi baada ya moto, Afande. Usalama kwanza."

"Na zile pete?"

"Zilikuja hivyohivyo." Alitabasamu, akageuza spana mkononi. "Kawaulize wale waliotengeneza."

"Haya. Asante sana."

Meneja alitingisha karatasi yake, akasema hata mkuu wa Inspekta ameshapigiwa simu, mashine inawashwa sasa hivi, kiwanda si makumbusho. Inspekta akamjibu kwamba kibali ni chake, awashe akitaka, lakini yeye bado ana swali moja kwa mtu mmoja. Akaondoka akitembea upesi, Sajini nyuma yake kashika suruali kwa mkono.

Mama Mapacha alikuwa kwenye meza ya kuchambulia, kando ya mkanda. Alirudi kazini siku ya pili baada ya moto, maana watoto hawali machozi. Mikono yake haikusimama alipokuwa anawaamkia: chupa huku, ndoo kule, vifuniko kwenye beseni.

"Shikamoo, Afande. Mmekuja kuniuliza tena kama ni chetu? Nilishasema ni chetu. Kina alama za meno ya mwanangu Kulwa, alikuwa anaota meno. Niseme uongo?"

"Marahaba. Usiseme uongo." Inspekta alitoa kile kiberiti ndani ya mfuko wake wa nailoni. "Mimi nina swali jingine. Mara ya mwisho ulikiwashia nini?"

Mikono ya mwanamke ikapunguza mwendo. "Jiko."

"Lini?"

"Asubuhi ile. Nilipika uji wa mgonjwa, nikaubeba hospitali."

"Asubuhi ipi, mama? Uji wa mgonjwa gani?"

"Wa mume wangu! Nina mgonjwa mwing..." Chupa ilimponyoka, ikagonga sakafu, ikabingirika. "Yesu na Maria! Alikuwa ameshaungua."

"Alikuwa ameshaungua," Inspekta alirudia, na sauti ilimpanda bila yeye kutaka. "Moto umeshawaka, umeshazimwa, mumeo yuko kitandani, na kiberiti kiko jikoni kwako! Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza! Waliniuliza ni chenu au si chenu, wakaandika, wakaondoka. Mimi nilijua nimemmaliza mume wangu kwa mdomo wangu."

Sajini alijipiga paji la uso, suruali ikamshuka kidogo, akaiwahi. Ni yeye aliyemuuliza ni chenu au si chenu.

"Ulipokuwa hospitali, nyumbani alikuwa nani?"

"Watoto tu. Na kaka. Alikuja kutupa pole, akasema niende, yeye atawaangalia." Alisema hivyo bila kusita, kisha midomo ikabaki wazi. Lakini lile wazo alilikataa palepale. "Hapana. Afande, hapana. Kaka yangu?"

Inspekta hakumsukuma. Aliuliza jambo jingine kabisa: mumewe alikuwa akisema nini kuhusu kazi, akirudi nyumbani?

"Bomba," Mama Mapacha alisema, akishukuru kubadilishiwa habari. "Tangu miezi hii ya karibuni alikuwa analalamika bomba linang'ata. Eti akipita chini yake nywele za mikono zinasimama. Akiligusa linampiga. Wenzake wakamcheka, wakasema lina jini, akalichinjie kuku. Akamwambia kaka. Kaka naye akacheka."

Hapo mambo yote yalimjia Inspekta kwa pamoja, mpaka akashika meza. Alikumbuka sweta la nailoni alilokuwa akilivua utotoni taa zikiwa zimezimwa, linavyolia tatata na kutoa vimulimuli. Plastiki ikisuguana na plastiki, umeme huzaliwa. Bomba la chuma lililofungwa waya wa kwenda chini hulimwaga jini hilo ardhini. Chuma hakiwezi kung'ata kila siku. Lakini bomba lisilo la chuma...

"Mama Mapacha, kiwanda hiki, mwisho wa yote, kinatengeneza nini?"

"Chembe za plastiki. Na kule nyuma wanatengeneza mabomba."

Inspekta aliupitia mlango wa nyuma kama mtu aliyesikia nyumba yake inaungua. Uani mabomba ya plastiki yalikuwa yamepangwa marundo marundo, membamba, ya wastani, manene. Alipiga goti, akazungusha mkanda wa Sajini kwenye la kwanza. Halikufika. La pili halikufika. La tatu, nene, jeusi, mkanda ukalikumbatia na ile alama ya kalamu ikaangukia pale pale.

"Sajini! Umeona?"

"Naona, Afande, ila sielewi."

"Bomba la zamani la chuma lilitoboka. Mtu akaona kuagiza jingine kutachelewesha kazi, akachukua hili la hapahapa nyumbani, akalipaka rangi ya kijivu, akalitengenezea pete zake kubwa, akalipandisha. Kwenye kiwanda cha nguo nani angefanya hivyo? Hapa plastiki ni ya bure, tena ni fahari yao. Likafanya kazi vizuri tu, isipokuwa lilikuwa linang'ata. Baada ya moto akalishusha usiku ule ule, akaweka la chuma, akalimwagia vumbi."

"Basi tulitafute hilo la plastiki!"

"Tangu siku ile kila gari linapekuliwa getini. Halijatoka. Sasa nikuulize, wewe una plastiki ya kuficha, uko ndani ya kiwanda kinachokula plastiki. Utaificha wapi?"

Sajini alifungua mdomo kujibu. King'ora kikamkatisha, kirefu, kikali, cha kuwashia mashine.

"Mungu wangu," Inspekta alisema, "wanaisaga!"

Walikimbia. Ndani, feni ilikuwa imeshaanza kunguruma, na mashine ya kusagia ilikuwa inapandisha sauti toka kukoroma hadi kupiga mayowe. Mkanda ulikuwa unatembea. Kwenye mwanzo wake Mjomba mwenyewe, fundi mkuu mzima, alikuwa anafanya kazi ya kibarua: ameondoa turubai juu ya rundo moja na anatupia vipande mkandani kwa mikono miwili. Vipande vikubwa vilivyopinda, kijivu kwa nje, vimekatwa kwa msumeno. Cha kwanza kilikuwa kimeshapita nusu ya safari. Kati ya Inspekta na swichi palikuwa na mlima wa magunia, na Meneja na kibali chake.

"Zima!" alipiga kelele. "Meneja, zima mashine!"

Meneja aliweka mkono sikioni. Hasikii kitu.

Pembeni mwa mkanda, kwa urefu wake wote, hupita kamba nyekundu ya dharura. Aliye karibu nayo alikuwa mtu mmoja tu.

"Mama Mapacha! Kamba! Vuta kamba!"

Mwanamke aligeuka. Alimwona Inspekta anakimbia. Akakiona kile kipande kikimpita mbele ya macho, kijivu kwa nje, ndani kimejaa masizi meusi. Na upande wa pili akamwona kaka yake kasimama, mikono hewani.

"Usiguse!" Mjomba alipaza sauti, na sauti yake ya kuamrisha mafundi ilipenya ngurumo yote. "Dada, nakwambia usiguse! Utatuangamiza!"

Kipande cha kwanza kilifika ukingoni. Kikainama. Kikaanguka mdomoni mwa mashine, na meno yakakipokea kwa mlio uliomfanya Sajini afumbe macho. Cha pili kilikuwa nyuma yake, hatua mbili.

Mama Mapacha aliishika kamba kwa mikono yote miwili, akaivuta kwa uzito wake wote mpaka akakaa chini.

Mkanda ukasimama. Mashine ilikoroma, ikapunguza, ikanyamaza. Kile kipande cha pili kilibaki kimening'inia ukingoni, nusu ndani, nusu nje. Inspekta alirukia mkanda kwa viatu vyote, akakikumbatia kama mtu aliyeokota mtoto kisimani, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kesi ile akacheka kwa sauti.

"Ninacho! Sajini, ninacho! Njoo na suruali yako!"

Vipande vilivyobaki chini ya turubai vilikuwa vingi. Vyote vilikuwa na rangi ya kijivu nje na masizi ndani. Inspekta alikifuta kimoja mahali pasipo na masizi, akakisugua kwa nguvu na kitambaa chake, kisha akakisogeza karibu na mkono wa Meneja. Nywele za mkono wa Meneja zikasimama zote.

"Hilo ndilo jini," alisema. "Hilo, na vumbi lililokuwa likilisugua kutwa kucha. Cheche ilizaliwa humu ndani. Hapakuwa na sigara wala kiberiti."

Meneja alitazama mkono wake, akatazama paa, kisha akaikunja karatasi yake ya kibali kidogo kidogo mpaka ikatoshea kiganjani. "Mimi sijawahi kupanda huko juu," alisema.

Mjomba hakukimbia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana miguuni.

"La chuma lilikuwepo stoo," alisema, akimwambia dada yake peke yake. "Lilifika zamani. Kulifunga kulitaka kiwanda kisimame siku nzima, nikawa nasema kesho, kesho. Shemeji aliponiambia linang'ata nikacheka. Halafu likawaka. Nikajua mimi wataninyonga. Yeye nilisema watamhurumia, ameshaungua tayari."

Mama Mapacha alikuwa bado amekaa sakafuni, kamba mkononi. "Uliingia jikoni kwangu," alisema. "Wanangu wanakuona, wanakuita Mjomba, wewe unatafuta kiberiti."

"Kulwa ndiye aliyenipa," Mjomba alisema, na hapo akajifunika uso.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukishakikamata. Mwanamke alitazama spana, akatazama ule mgongo uliokuwa unatikisika. Alipoinuka hakumsogelea.

Inspekta alikuwa ameshapiga simu hospitali, kwa konstebo aliyewekwa mlangoni pa wodi. Alitoa amri kwa maneno machache, kisha akaiweka simu kwenye sauti kubwa na kumkabidhi Mama Mapacha. Palisikika miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu, funguo zikilia, kisha mlio mdogo wa chuma kufunguka. Sajini alifunga mkanda wake polepole, asipige kelele.

"Mama Mapacha?" Sauti ilikuwa dhaifu, ya mtu aliyezinduka. "Wamenifungua mguu. Wanasema si mimi."

"Si wewe," alisema, machozi na kicheko vikimjia pamoja. "Ni lile bomba, baba. Wote waliocheka nitawaleta wakuombe radhi."

"Mwambie Mjomba," sauti ilisema kwa furaha. "Mwambie kaka yako kwanza kabla ya wengine. Amehangaika sana kwa ajili yangu."

Mjomba alisikia kila neno. Alinyanyuka juu ya ile ndoo, akanyoosha mikono yake miwili mizima mbele ya Sajini, akangoja kufungwa.